Tope Kwenye Rejeta ya Mrembo

Hakuna kitu kinachonipandisha hasira gerejini kama mtu anayeniletea gari bovu pamoja na jina la ugonjwa. Hajafunga hata mlango, ameshasema, "Fundi, gasketi hiyo." Sasa kama unajua ni gasketi, umekuja kwangu kufanya nini? Kaa nalo nyumbani, ulizike.

Jumamosi ile aliyeniletea ugonjwa na jina lake alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Gari lilivutwa kwa kamba nyuma ya pikapu ya dalali mmoja wa magari yaliyotumika, tunayemwita Chapchap kwa sababu neno hilo ndilo anaingilia nalo na ndilo anaondokea nalo. Shemeji alikuwa kwenye usukani, amekaza taya, amevaa ovaroli yake yenye madoa ya kuta za watu. Yeye ni fundi rangi, na ukimtazama vizuri unaweza kujua ni nyumba zipi amezipaka mwaka huu.

"Shemeji, gasketi ya hedi imekwenda," akasema kabla miguu yake haijagusa chini. "Jana limechemsha, moshi ukatoka. Fungua mwenyewe uone. Maji yamekuwa tope."

"Salamu zimepanda bei siku hizi?"

"Habari za asubuhi, shemeji. Gasketi imekwenda."

Gari lenyewe linaitwa Mrembo. Ni kigari cha mizigo chenye milango ya kuteleza, kilichochoshwa na wenzetu kabla hakijatufikia, na weupe wake umeanza kufanana na maziwa yaliyolala. Jina hilo alilitoa dada yangu. Shemeji hakuwahi kulitamka, yeye husema "kile kidude." Dada alilinunua kwa pesa za mikate yake wakati mumewe yuko safari ya kazi, na mumewe akarudi akakuta gari uani. Hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Alilizunguka, akasema, "Haya, tutaona," dada naye akaapa papo hapo kwamba gari lile halitaomba hata tone la maji, kisha kila mmoja akashika njia yake. Tangu hapo wakawa hawasemeshani. Mambo yote ya nyumba yalipitia kwa watoto wao mapacha. "Mwambieni baba yenu chakula kiko mezani." "Mwambieni mama yenu nakuja." Watoto wale walichoka hadi wakawa wanapeleka ujumbe kabla haujatumwa.

Na aliyelikagua gari kabla halijanunuliwa ni mimi. Nililala chini yake, nikafungua kila kinachofunguka. Maji ya kupozea injini, ile kulanti, yalikuwa ya bluu safi. Nilimwambia dada achukue, akachukua. Kwa hiyo shemeji aliposema gasketi, alikuwa anamsema mkewe na mimi pia.

Lakini yangu ilikuwa aibu tu. Ya dada ilikuwa kubwa zaidi. Jumatatu alikuwa aanze kupeleka mikate hospitali, wodi zote, kila asubuhi kabla wagonjwa hawajapewa chai. Miaka yote ameoka kwenye chumba cha nyuma na kuuza kwenye meza ya mlangoni, akiondoa mikate jua likija na kuirudisha jua likiondoka. Kazi hii aliifuatilia hadi wahudumu wa hospitali wakamzoea kama mgonjwa wa kudumu. Walimkubalia kwa sharti moja: aje na gari lake mwenyewe, lililofunikwa. Hana gari, kazi anapewa anayefuata, na anayefuata alikuwa ameshakaa mkao wa kula.

"Mimi sina maneno mengi, sista," Chapchap akaniambia, akiifungua kamba. "Gari bado linawaka. Nalichukua hivi hivi lilivyo, chapchap. Likizima moja kwa moja, hapo tunaongea lugha ya chuma chakavu."

"Nataka liuzwe leo," shemeji akasema. "Lingali linawaka."

"Mwenye gari anajua?"

Shemeji akaanza kukwangua doa la rangi kwenye kidole chake. "Utamwambia."

"Mwambie mwenyewe. Huyo hapo."

Dada alikuwa anaingia getini, aproni kiunoni, unga hadi kwenye viwiko. Alikuwa amekuja kwa miguu tena kwa haraka, lakini chini ya kwapa alishika mkate uliofungwa kwenye karatasi, maana dada yangu hata nyumba ikiungua hawezi kwenda kwa mtu mikono mitupu. Alilitazama gari, akaitazama pikapu, akaelewa yote.

"Mwambie shemeji yako," akaniambia, na shemeji yangu amesimama karibu kiasi cha kukanyagana naye, "gari langu haliuzwi."

"Mwambie dada yako gari lake limekufa. Tupate chochote kabla hatujakosa vyote."

"Mwambie alikuwa anaisubiri siku hii."

"Mwambie..."

"Mtaniacha nifungue boneti?" nikawakatiza. Nilisema kwa sauti ile ninayoitumia kwa watu wanaochezea spana zangu, na wakanyamaza.

Injini ilikuwa imeshapoa. Nilifungua kifuniko cha rejeta taratibu, kitambaa mkononi, nikakigeuza. Chini yake kulikuwa na ute mzito wa kahawia, umeganda kama uji wa jana. Kwenye tangi dogo la akiba ilikuwa vivyo hivyo. Fundi yeyote akiona tope la namna ile anawaza oili: oili imeingia kwenye maji. Ama gasketi, kile kizibo chembamba kinachotenganisha oili na maji, imepasuka, ama hedi, yaani kichwa cha injini, imepinda kwa moto, ama, Mungu aepushe, injini yenyewe ina ufa. Kwa gari la umri wa Mrembo, yote hayo maana yake ni kwaheri.

"Umeona sasa," shemeji akasema. Nitamtendea haki: hakukuwa na furaha katika sauti yake.

Dada alishika ukingo wa boneti kwa mikono yote miwili, na unga ukabaki pale.

Mimi lakini ni mbishi. Nilichomoa kijiti cha oili, nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Oili ilikuwa oili, nyeusi kidogo, nyororo, haina lile povu la maziwa linaloonyesha maji yamepenya. Nikafungua pale inapomiminwa, nikapitisha kidole kwa ndani. Safi.

"Oili iko sawa," nikasema.

"Oili inaweza kwenda kwenye maji bila maji kwenda kwenye oili," Chapchap akajibu, na kilichoniudhi ni kwamba alikuwa amesema kweli.

Nikachota lile tope, nikalisugua kati ya vidole. Oili huteleza. Hili lilikuwa linanata, linakatikakatika, kama gundi iliyoloweshwa. Nikanusa: hakuna harufu ya oili. Nikatia kiasi kwenye glasi ya maji na kuiweka juu ya pipa tuone, maana oili hupanda juu ikaelea. Hakikupanda kitu. Tope lilizama polepole, likakaa chini.

"Limeshachanganyika mno hilo," Chapchap akasema. "Halipandi tena. Mimi nimeuza magari mengi, sista."

"Najua. Mengine nimeyatengeneza mimi siku ya pili yake."

Nilimjibu kwa kejeli, lakini ndani nilikuwa na wasiwasi. Kidole kinaweza kudanganya, na pua yangu imevuta moshi wa magari kwa miaka mingi, haifai kukabidhiwa kazi ya mtu. Nilitaka kitu ambacho hata Chapchap angekiona akafunga mdomo.

Dada ndiye aliyekitoa. Aliufungua ule mkate, akaniwekea mkononi, akabaki na karatasi. Ni ile karatasi nyeupe anayoitandika kwenye sinia, inayonyonya.

"Dondosha hapa," akasema.

"Ya nini?"

"Mimi mambo ya injini siyajui, mdogo wangu. Lakini mafuta nayajua. Mkate wenye mafuta ukilala kwenye karatasi hii, karatasi inang'aa, unaona mwanga upande wa pili. Hata ukiianika wiki, doa la mafuta halikauki. La maji linakauka, karatasi inarudi kuwa karatasi. Wateja wangu wananikamata hivyo hivyo nikizidisha siagi."

Nilimtazama dada yangu, nikaona haya kwamba sikuliwaza mwenyewe, nikachukua kijiko. Matone yakaanguka katikati ya karatasi, yakaanza kutambaa. Tukailaza juani, kwenye bati la moto karibu na mlango, tukaweka nati pembeni isipeperuke.

Ikabidi tungoje. Nina benchi moja tu. Dada alikaa mwisho huu, shemeji mwisho ule, nami nikakaa katikati kama ukuta, tukamega mkate. Chapchap alikula wima, na alikula kuliko sisi sote.

"Mwambie dada yako mkate mzuri," shemeji akasema baada ya muda, akitazama ukuta wa jirani.

"Mwambie namshukuru," dada akasema, akitazama ukuta wa upande mwingine.

Nilitamani kuwagonganisha vichwa. Watu wazima! Mmoja yuko mbioni kupoteza kazi aliyoililia, mwingine hajalala usiku kwa kuihofia, nilimwona macho mekundu, na wote wawili wanaongea na kuta.

Karatasi ilipokauka, dada aliinuka kabla yangu. Aliiinua kwa ncha za vidole, akaikabili na jua. Kulikuwa na doa, lakini halikung'aa. Mwanga haukupita. Alilisugua kwa dole gumba na lile tope lililokauka likapukutika kama unga wa udongo.

"Hakuna mafuta," dada akasema. Hakunituma kwa mtu. Aliisemea hewa. "Hakuna mafuta hapa hata kidogo."

Chapchap akaja, akaitazama, akaigeuza, akairudisha bila neno. Hapo nikaona Mungu yupo.

Shemeji naye alinyoosha mkono akaichukua. Nilidhani anataka kubisha. Kumbe alikuwa ameona kitu kingine. Aliisogeza karibu na macho, akaigeuza huku na huku kama anavyofanya mwenye nyumba akimletea kipande cha rangi atafute mwenzake. Lile doa, lilivyotambaa, lilikuwa limejichuja lenyewe. Katikati palikuwa na kahawia. Kandokando ya kahawia pana duara la waridi. Na nje kabisa, kwenye ukingo, utepe mwembamba wa kijani.

"Hii kahawia haikuzaliwa kahawia," akasema polepole. "Hii imechanganywa. Nyekundu ukiipiga na kijani, unapata hii hii. Nimeharibu ndoo ngapi kwa kosa hili? Mtu ametia nyekundu, halafu mtu mwingine akatia..."

Akakoma ghafla, kama mtu aliyekanyaga msumari. Nikamgeukia dada. Dada alikuwa ameukodolea macho ule utepe wa kijani, na mkono ameuweka mdomoni.

"Haya," nikasema. "Gari hili nililikagua mimi, na maji yake yalikuwa ya bluu. Bluu tupu. Nyekundu imetoka wapi? Kijani nayo?"

Shemeji akaikunja karatasi, akaikunjua.

"Mbona mmekuwa mabubu?" Chapchap akauliza. Alikuwa ameisahau pikapu yake, amenogewa.

"Kijani ni yangu," dada akasema.

Alikuwa anaongea na mimi lakini macho yako chini. Asubuhi moja alifungua boneti akakuta maji yamepungua. Akakumbuka kile kiapo chake cha uani. "Sasa ningemwambiaje? Angesema, si uliapa? Nikanunua chupa kituo cha mafuta, nikaificha nyuma ya magunia ya unga. Nilikuwa naongeza alfajiri, kabla hajaamka."

Shemeji alikuwa anafuta viganja kwenye ovaroli, anavifuta tena, kama vina rangi mbichi.

"Nyekundu ni yangu," akasema.

"Yako?" Dada akageuka. Alimgeukia yeye mwenyewe, uso kwa uso. "Yako wewe?"

"Mchana nikilichukua kubebea ngazi, nilikuwa naangalia maji. Nikikuta yamepungua, naongeza. Chupa iko kwenye sanduku la brashi. Sikutaka Mrembo akuzimikie njiani na mikate."

Chapchap aliacha kutafuna.

"Mrembo?" nikamuuliza. "Mrembo ndiye nani?"

"Shemeji, niache."

"Si kile kidude?"

"Nimekuomba uniache, shemeji." Masikio yalikuwa yamemwiva. Lakini dada hakucheka. Alikuwa anamtazama mumewe kama mtu aliyekuta chumba asichokijua ndani ya nyumba yake.

"Na mlipoona maji yanabadilika rangi," nikasema, "hamkushtuka?"

"Nilishtuka," dada akasema. "Ndiyo maana nikaongeza zaidi."

"Hata mimi," shemeji akasema.

Hapo nikawapa vidonge vyao. Niliwaambia kwamba rangi si kitu, ugomvi uko kwenye dawa zilizo ndani ya maji yale, na nyingine zikikutana hugandana, zikaziba kila kitundu, injini ikakosa pa kupumulia. Niliwaambia wamepika uji ndani ya gari, kila mtu na mwiko wake, mmoja alfajiri na mwingine mchana, na kwamba mafundi hula kwa watu kama wao. Niliyasema yote hayo kwa ukali, kwa sababu nilikuwa na furaha na sikuwa tayari kuionyesha.

Sikuwa tayari kwa sababu kazi ilikuwa bado. Gari lilikuwa limechemsha hadi likatoa moshi. Kilichosababisha tulikuwa tumekijua, kilichoharibika hatukukijua. Kama ule moto wa jana ulikuwa umepinda hedi, basi tulikuwa tumegundua bure.

"Kwa hiyo mimi ningoje au niende?" Chapchap akauliza.

"Ukitaka kungoja, shika mpira wa maji."

Akaushika. Ndiyo, mwenyewe, na viatu vyake vya ngozi.

Tulifungua rejeta chini, tope likatoka likijivuta. Tukasukuma maji safi kutoka juu, yakatoka kahawia. Tukasukuma tena. Thamostati, kile kifunguo kidogo kinachoyaachia maji yazunguke, nilikikuta kimezibwa kabisa na ute, nikaweka kingine. Na huko nyuma, mahali ambapo mkono unaingia kwa kubembeleza, nikakuta klampu, kile kibano cha paipu moja, imelegea kwa mtikisiko wa barabara. Ilikuwa inadondosha kidogo kidogo, mahali pasipoonekana. Ugomvi wote ule, na bisibisi ingeumaliza wakati chai inapoa. Niliikaza nikiisema kwa sauti.

Maji yalipotoka meupe, ukafika wakati wa kuliwasha tukiwa na maji matupu, kifuniko cha rejeta wazi. Kama hedi imekwenda, hewa ya moto hupenya kwenye maji, na mapovu huja mfululizo bila kukoma. Mimi ilibidi nilale chini niangalie paipu. Nikamweka dada kwenye usukani atazame mshale wa joto, na shemeji nikamsimamisha kwenye rejeta atazame mapovu.

"Na mimi leo si simu yenu," nikawaambia kabla sijajitosa chini. "Mkitaka kuambiana kitu, midomo mnayo."

Injini ikawaka. Nilikuwa nimelala chali, naona viatu vya shemeji vilivyojaa rangi, na juu yake sioni kitu.

"Mapovu," shemeji akasema.

Sauti ya dada ikatoka ndani ya gari, ndogo. "Mengi?"

"Mengi."

"Subirini," nikapaza sauti kutoka chini. "Kuna hewa iliyobaki humo, lazima itoke kwanza." Nilisema hivyo kwa ujasiri, na ni kweli, lakini sikuwa na hakika kama ndiyo hiyo tu.

"Mshale uko wapi, Mama Pacha?"

Sijui ni lini mara ya mwisho dada aliitwa hivyo na mwenye haki ya kumwita.

"Unapanda, Baba Pacha."

"Unapanda haraka?"

"Polepole. Mapovu je?"

"Yapo. Yamepungua. Ngoja." Viatu vikasogea. "Moja. Jingine hilo. Mshale?"

"Umefika katikati."

"Umepita?"

"Bado... Umesimama. Umesimama katikati."

Feni ya rejeta ikaanguruma yenyewe, ikakimbia kidogo, ikazima, kama inavyotakiwa.

"Maji yametulia," shemeji akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka kabisa, sauti ya mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala. "Mama Pacha, yametulia kabisa. Hakuna hata povu moja. Njoo uone."

Mlango ukafunguliwa, viatu vya dada vikaja vikasimama karibu na vile vya mumewe. Mimi nilibaki kule chini nikijifanya nakaza kitu kilichokwisha kukazwa. Macho yalikuwa yameniloa na sikutaka Chapchap anione.

"Sikununa kwa sababu ya gari," nikamsikia shemeji. "Nilinuna kwa sababu hukuniambia."

"Nilikuwa nakungoja uulize."

"Na mimi nilikuwa nangoja uniambie."

"Na jana ulipomwita dalali?"

"Niliogopa, mke wangu. Niliwaza Jumatatu, umekwama katikati ya barabara, watu wa hospitali wanakutazama. Nikaona bora uumie nyumbani kuliko kuumia mbele za watu."

Nikajitokeza kabla hawajaniliza tena. Chapchap alikuwa anakunja kamba yake, viatu vimelowa tepetepe. Aliniaga kwa mkono, akamwambia dada amtengee mikate ya Jumapili, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaondoka bila kusema chapchap.

"Sasa tunatia maji gani?" nikawauliza.

"Kijani," shemeji akasema.

"Nyekundu," dada akasema, kwa pamoja naye.

Wakatazamana.

"Kijani ndiyo uliyoichagua wewe."

"Na nyekundu ni yako. Fundi rangi ni nani kati yetu?"

"Haihusiani na rangi, hukumsikia shemeji? Tia kijani."

"Nimesema nyekundu, Baba Pacha, usinibishie mbele ya mdogo wangu!"

"Nyamazeni!" nikasema. "Bluu. Lilikuja na bluu, linataka bluu, na wote wawili mmekosea."

Dada ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka hadi akajishikilia kwenye mlango wa gari, unga ukimpeperuka mikononi, na shemeji akavumilia, akavumilia, mwisho akashindwa.

Jumatatu walipita gerejini jua likiwa bado changa, wanatoka hospitali. Niliwasikia kabla sijawaona, maana walikuwa wanabishana kuhusu njia fupi, madirisha wazi, kila mtu na sauti yake. Masinia nyuma yalikuwa matupu. Gari zima lilinuka mkate. Dada alishuka akanikumbatia kwa furaha, nami nikamwambia angalia aproni yako, nina grisi, akasema liwalo na liwe.

"Ngoja niangalie maji," nikasema.

Nikafungua boneti. Maji yalikuwa pale pale tulipoyaacha, ya bluu. Juu ya lile tangi dogo palikuwa na maandishi mapya meupe, herufi zilizonyooka kama za ubao wa duka, mkono wa mtu wa kazi: BLUU TU. NIAMBIE.

Na chini yake, kwa rangi ile ile, kwa mkono usioizoea brashi, herufi zinapanda na kushuka: NA WEWE.